Nilificha Jina Lake, Nikaandika Lugha Yake

Nilimwahidi kwamba hakuna mtu atakayejua anakoishi.

Nilimwahidi nikiwa nimeketi kwenye kigoda mlangoni pake, kinasa sauti kikiwa mapajani mwangu, naye mikono yake ikiwa imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Hakuridhika na ahadi ya mara moja. Alinitaka niirudie, taratibu, huku nikimtazama usoni. Nikairudia. Niliiamini ahadi ile kuliko yeye alivyoiamini...

Wasomaji wenzangu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na minane. Nilizaliwa Same mjini, baba yangu akiwa mwalimu na mama yangu mzaliwa wa Gonja. Nimesomea ukutubi na utunzaji wa nyaraka, na nimeajiriwa katika maktaba ya sheria ya chuo kikuu kimoja hapa nchini, katika kitengo cha vitabu adimu. Jina la mwanamke huyu, kijiji chake, ufundi wake na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Yaliyotokea sikuyabadilisha. Natamani ningeweza.

Chumba ninachofanyia kazi kina madirisha madogo, kwa sababu jua huharibu karatasi. Humo mna magazeti ya serikali ya enzi za ukoloni, hukumu za mabaraza ya wenyeji zilizopigwa chapa kwa mashine za zamani, na vitabu vya sheria ambavyo huenda nakala zake nyingine hazipo tena popote. Nilipoajiriwa nilivisoma kwa hamu kubwa. Nikatambua jambo lililoniumiza. Katika hukumu zile za mirathi, mjane hutajwa kama sehemu ya mali, baina ya shamba na mbuzi. Hazungumzi. Hakuna anayemuuliza chochote.

Nikajiuliza, je, kizazi chetu nacho kitaacha makabati ya namna hiyo?

Niliandika pendekezo kwamba maktaba ikusanye sauti za wajane waliopitia kesi za mirathi, ili wanafunzi wa sheria wawasikie kabla hawajawa mawakili na mahakimu. Pendekezo likakubaliwa. Kazi ya Upare nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa Chasu ni lugha ya nyumbani kwetu, na Kigweno nilijifunza nilipokuwa sekondari kule Ugweno. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Mama yangu mkubwa, muuguzi mstaafu anayeishi Gonja, ndiye aliyenipeleka kwa mwanamke huyo. Nitamwita Nakiete.

"Huyu si mtu wa huku," mama mkubwa aliniambia tulipokuwa tukipanda mlima. "Alikuja na begi moja. Mimi nilimwosha vidonda, sikumuuliza. Na wewe usimuulize kama polisi."

"Nitamuuliza kama mtoto wako, mama."

"Mtoto wangu anauliza maswali mengi kuliko polisi."

Nakiete alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa Ugweno, akaolewa Kifaru, kule chini tambarare. Mumewe alifariki kwa maradhi. Baada ya msiba, shemeji yake alikuja kudai shamba, kisha akamdai na yeye mwenyewe awe mke wake. Alikataa. Alikwenda kwenye baraza la kata, kisha mahakamani. Kabla kesi ya shamba haijaisha, shemeji yule aliufunga mlango wa nyumba yake kwa nje, akawasha moto wakati yeye yumo ndani. Majirani walibomoa ukuta kwa mashoka wakamtoa.

Alitoa ushahidi, na shemeji akafungwa. Wakati akitolewa kizimbani hakutukana wala hakupiga kelele. Alimgeukia Nakiete akamwambia kwa Kigweno, kwa upole, "Tutaonana, shemeji." Basi. Maneno hayo mawili yalimhamisha Kifaru, yakamvusha hadi Upare wa Kusini, mahali ambapo watu wanazungumza Chasu na hakuna hata mmoja anayeijua lugha yake.

Alinisimulia yote kwa Kigweno. Alisema mambo yale hayakumtokea kwa Kiswahili. Jina la shemeji hakulitaja hata mara moja. Nilipomuuliza alitikisa kichwa. "Nikimtaja nitakuwa nimemwita," alisema.

Kwa nini basi alikubali kurekodiwa? Nilimuuliza hilo pia.

"Kwa sababu ya hakimu," alijibu. "Aliniuliza kwa nini sikuondoka mapema. Hao wanaosomea uhakimu wasikie. Waambie mimi ninawauliza wao, ningeondoka niende wapi?"

Ndipo akanitaka ile ahadi.

Nilirudi chuoni nikaifanya kazi kwa uangalifu wote niliofundishwa. Jina lake nililiondoa. Jina la mume, la kijiji, la mahakama, yote niliyaondoa. Sauti yenyewe niliifunga, mtu yeyote asiweze kuisikiliza bila idhini yake. Kilichobaki wazi ni muhtasari mfupi katika katalogi ya maktaba, ile inayosomwa na yeyote kwenye tovuti, ili watafiti wajue tuna nini.

Mkuu wa kitengo chetu, Mama Komba, alisimama nyuma yangu nilipokuwa nikiuandika.

"Jina umetoa?" aliuliza.

"Nimetoa, mama."

"Na jirani yake akiusoma huu muhtasari, hatamjua?"

"Majirani zake hawasomi katalogi, mama," nilisema huku nikitabasamu.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Haya, mheshimiwa. Ila sisi hatuchagui nani asome."

Nilidhani amekuwa mwoga kwa sababu ya umri. Chuoni tulifundishwa kwamba maelezo ya rekodi yasiyotaja lugha na mahali ni maelezo pungufu, na mimi sikutaka kazi yangu ya kwanza kubwa iwe pungufu. Kwa hiyo niliandika hivi: ushuhuda wa mjane kuhusu mirathi na kuchomewa nyumba. Lugha, Kigweno. Mahali pa kurekodia, milima ya Gonja.

Mtu wa Dodoma au wa Mwanza angeyasoma maneno hayo asione kitu. Lakini mimi ni Mpare! Mpare yeyote angeona mara moja. Kigweno ni lugha ya kaskazini, milima ya upande wa Mwanga. Kukitaja pamoja na Gonja ni sawa na kumwonyesha kwa kidole mwanamke mmoja aliyesimama peke yake mlimani. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta ile nilikuwa mkutubi tu. Upare wangu nilikuwa nimeuacha nje ya mlango.

Muda ukapita. Siku moja akaja msomaji wa nje ya chuo.

Alikuwa mtu mzima wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri, sauti yake ya chini. Alikuwa na kibali halali cha kusoma. Aliposikia kwamba mimi ni Mpare niliyesoma Ugweno alitabasamu akanisalimia kwa Kigweno, nami nikaruka kwa furaha, maana ni nani aliyewahi kunisalimia kwa Kigweno katika chumba kile? Aliomba hukumu za mirathi na za makosa ya uchomaji wa nyumba. Nilimletea. Alivishika vile vitabu vikuukuu kwa mikono miwili, akafunua kurasa kwa pembeni kama tunavyoagiza, na mimi nikampenda zaidi.

"Sheria nimeisoma ukubwani, kaka," aliniambia. "Nilikuwa mahali ambapo hapakuwa na cha kufanya ila kusoma." Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayekohoa.

Nikacheka naye. Nilidhani anazungumzia kambi ya kazi, au kijiji kisicho na umeme.

Baadaye akanionyesha kwenye skrini ule muhtasari wangu, akauliza kama angeweza kuisikiliza sauti yenyewe.

"Haiwezekani, kaka," nilimwambia. "Imefungwa. Mwenyewe ametaka hivyo."

"Vizuri sana," alisema. "Mlindeni." Akafunga daftari lake, akasimama, akanipa mkono. Ndipo akauliza, kwa wepesi kabisa, kama mtu anayemwulizia jamaa, "Na vyungu bado anafinyanga?"

"Ndiyo, tena anafinyanga vizuri sana."

"Umenisaidia sana, kaka. Mungu akuzidishie."

Akaondoka. Mimi nikabaki na kitabu mkononi, nikakipeleka kabatini, nikitembea kama mtu aliyetenda wema. Nilikuwa nimekiinua ili nikirudishe mahali pake wakati mkono wangu uliposimama hewani.

Vyungu... Nani alimwambia habari za vyungu?

Nilirudi kwenye kompyuta nikausoma muhtasari wangu. Nikausoma tena. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mjane yule ni mfinyanzi. Hakuna! Mtu yule alikuja akiwa na nusu ya habari, na mimi, kwa kinywa changu, huku nikitabasamu, nilimpa nusu iliyobaki.

Sijui kama mmewahi kuisikia hofu ya namna hiyo. Masikio yangu yalikuwa kama yamejaa maji. Nilikimbilia dirishani, nikamwona mbali akivuka uwanja wa chuo, bila haraka, akimpisha binti mmoja aliyekuwa amebeba vitabu. Nilitaka kupaza sauti. Ningesema nini? Mkamateni, ameniuliza habari za vyungu?

Nilimpigia simu mama mkubwa. Haikupatikana. Kule mlimani mtandao huja na kuondoka upendavyo. Nakiete mwenyewe hakuwa na simu, ndivyo alivyochagua kuishi. Nilimwendea Mama Komba nikamweleza yote. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia.

"Muhtasari nauondoa sasa hivi," alisema akivuta kibodi. "Wewe usikae hapa. Nenda Gonja."

Njia nzima hadi Same nilikuwa nikitazama migongo ya watu. Kila shati lililopigwa pasi lilikuwa lake. Nilijiambia kwamba huenda ni ndugu tu wa yule mfungwa, huenda ni mpwa wake, huenda hata ni mtu mwema... Kwa hesabu yangu, shemeji mwenyewe alikuwa bado gerezani, kwa sababu Nakiete mwenyewe alihesabu hivyo.

Pale Same nilipita kituo cha polisi. Afande wa zamu alinisikiliza kwa subira.

"Amemtishia huyo mama?" aliuliza.

"Hapana, afande."

"Amekutishia wewe?"

"Hapana. Ameniombea kwa Mungu."

Afande aliweka kalamu chini. "Kijana, mtu amesoma kitabu, akakushukuru, akakuombea dua. Unataka nimkamate kwa kifungu gani?"

Sikuwa na kifungu. Nilikuwa nimeishi katikati ya maelfu ya kurasa za sheria, na siku niliyohitaji mstari mmoja tu sikuupata! Lakini sitamlaumu afande yule. Alimpigia simu mtendaji wa kijiji, akamwomba awe macho, akaniambia niendelee na safari.

Barabara ya kwenda Gonja hupita chini ya milima, mashamba yakiwa upande mmoja na nyika upande wa pili. Nilifika asubuhi iliyofuata, nikapanda kwa miguu, na sikumkuta mtu nyumbani. Wote walikuwa kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna anayeikwepa. Walikuwa wakitoa tope katika ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mashamba yote ya bonde lile. Mama mkubwa alikuwepo. Nakiete alikuwepo, amesimama kwenye tope hadi magotini, akichagua udongo wa kazi yake kutoka kwenye ule wenzake waliokuwa wakiutupa.

Aliponiona tu, aliacha. Nadhani uso wangu ulikuwa umeshasema.

Nilimweleza mbele ya mama mkubwa, kando ya ndiva, kwa Kigweno na Kiswahili vilivyochanganyika. Nilimweleza habari ya muhtasari, ya msomaji, ya vyungu. Sikumficha kitu. Alisikiliza akijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Anacheka kabla ya kusema au baada?" aliuliza.

"Baada. Kidogo, kama anakohoa."

Mama mkubwa akamshika bega.

"Ni yeye," alisema Nakiete.

"Ndugu yake?"

"Yeye mwenyewe. Wewe ulikaa naye."

Nikakaa chini kwenye tope. Kumbe alikuwa ameshatoka, na hakuna aliyekumbuka kumwarifu aliyemtolea ushahidi. Na mahali pale ambapo hapakuwa na cha kufanya ila kusoma... Nilikuwa nimempa mkono. Nilikuwa nimemletea vitabu kimoja baada ya kingine, nikampangia na kiti karibu na dirisha!

Hatukuwa tumeamua la kufanya wakati jirani mmoja alipopanda kutoka dukani akihema. Alisema kuna mgeni anamtafuta mfinyanzi, anataka vyungu vya biashara. "Ana adabu huyo baba," alisema. "Amewanunulia wazee soda. Wamemwelekeza, anakuja."

Njia ya kupanda ilikuwa moja, nayo ilipita pale pale ndivani.

Mzee Elisante, msimamizi wa maji, alikuwa amesikia yote. Alimtazama Nakiete, akanitazama mimi niliyekaa kwenye tope.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Simama. Chukua jembe." Kisha akawageukia wengine, akasema kwa Chasu bila kupaza sauti. Kwetu mtu mzima anayepita kwenye msaragambo hapiti hivi hivi. Hupewa jembe, na haliweki chini mpaka sehemu yake iishe, awe mwenyeji au mgeni. Kulikataa ni kulitukana bonde zima. "Tutampa sehemu ndefu," alisema mzee.

Mama mkubwa na wanawake wengine walimzunguka Nakiete, wakatoka naye kupitia migombani kuelekea upande wa pili wa mlima. Hakuchukua begi. Hakurudi nyumbani kwake hata kufunga mlango. Alipita karibu yangu na hakunitazama, na mimi sikuthubutu kumwita.

Punde mgeni akatokea, shati lake safi, akitoa salamu kwa kila mtu. Mzee Elisante alimpokea vizuri, akamweleza desturi, akamkabidhi jembe. Aliangalia huku na huku. Watu wote walikuwa wamesimama wakimtazama, kimya, majembe mikononi. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka kwenye tope. Akaja kuchimba karibu yangu.

"Kaka wa maktaba," alisema kwa Kigweno. "Kumbe na wewe ni mchimbaji."

"Nimekuja kumsalimia mama yangu mkubwa."

Alichimba kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake. "Hujui kusema uongo. Ndiyo sababu nilikupenda."

Mikono yangu ilikuwa ikiteleza kwenye mpini. Tulichimba bega kwa bega, na kila aliponyanyua jembe, shingo yangu ilijikunja yenyewe. Wengine walikuwa wanasikia lakini hawakuelewa neno. Katika bonde lile lote, lugha ile tulibaki nayo sisi wawili, mimi na yeye.

"Sikuja kumwua mtu," aliendelea, sauti yake ya chini vilevile. "Nimekuja kuzungumza. Wewe ni mtu wa sheria, niambie. Mtu akimaliza kifungo chake, bado ana kosa?"

Niliendelea kuchimba. Ni swali ambalo ningelijibu haraka sana darasani, tena kwa kumtetea. Mimi ndimi niliyekuwa nikiwaambia wenzangu kwamba adhabu ina mwisho wake, kwamba kila mtu anastahili kuanza upya. Bado naamini hivyo. Lakini kwa nini basi hakumtumia mtu salamu? Kwa nini alidanganya habari za biashara ya vyungu? Kwa nini, tangu ashuke kwenye tope lile, macho yake hayakuacha kuitafuta njia ya juu?

Mtendaji alikuja na mgambo kabla mgeni yule hajamaliza sehemu yake. Walimhoji kwa heshima. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Alinawa miguu, akavaa viatu vyake, akamshukuru Mzee Elisante kwa kumkaribisha. Walimsindikiza mpaka barabarani na kumwona akipanda gari.

"Tutaonana, kaka," aliniambia.

Niliporudi chuoni, mama mkubwa akanipigia simu. Nyumba ya Nakiete imeungua. Ilikuwa tupu, tangu siku ile hakuna aliyelala humo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa waya. Hakuna aliyeona mtu, polisi wamefungua jalada, na mtu yule anatafutwa hadi leo hii ninapoandika. Mama mkubwa alikuwa akilia. Mimi sikulia. Niliushika ukingo wa meza nikaufikiria waya ule, nikafikiria kwamba asingalikuwa ametoka...

Nakiete yuko wapi? Sijui. Mama mkubwa anajua, au anamjua anayejua, lakini ameniapia kwamba hataniambia kamwe, nami nimemshukuru. Miaka yote aliyoijenga pale mlimani, tanuri lake, wateja wake, kiti chake kanisani, wanawake waliomwita dada, vyote viliisha kwa maneno machache ya katalogi. Mimi ndimi niliyeyaandika, na niliyaandika kwa nia njema. Nia njema ilimsaidia nini?

Baadaye alinitumia ujumbe kupitia kwa mama mkubwa. Alitaka mawili. Aliruhusu niwaambie watu lile swali lake kwa mahakimu, na ndiyo sababu mmelisoma hapa. La pili, alitaka sauti yake ifutwe.

Wasomaji wenzangu, mimi nilikula kiapo cha moyoni kwamba nitatunza. Tumefundishwa kwamba kufuta ni kuua kumbukumbu. Nililia usiku na mchana juu ya jambo hilo, na nilimwambia Mama Komba kwamba pengine tungeificha zaidi, tungeifunga kwa namna nyingine, kwa sababu hakuna sauti kama ile katika maktaba yoyote ninayoijua.

"Sauti ni ya nani?" aliniuliza.

"Ni yake."

"Basi."

Uongozi wa maktaba uliidhinisha. Niliomba niifanye kazi hiyo mwenyewe. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nilibonyeza ndiyo, na mahali palipokuwa na mwanamke aliyethubutu kuwauliza mahakimu swali, pakawa hapana kitu.

Bado ninafanya kazi katika chumba kile. Mlango wa wasomaji unapofunguka taratibu, huwa siinui kichwa mara moja. Husikiliza kwanza. Akicheka mtu baada ya kusema, damu yangu husimama. Nimeambiwa niombe uhamisho, nimekataa, kwa sababu bado naamini kwamba wajane wanapaswa kusikika. Ila sasa, kabla sijaandika neno moja juu ya mtu, najiweka mahali pa yule anayemtafuta. Nasoma kama yeye. Nauliza, hapa angepata nini?

Nawasihi ninyi mnaotunza habari za watu, iwe katika zahanati, shule, ofisi ya kijiji au kanisa, fanyeni vivyo hivyo kabla hamjajiona mmemaliza. Msidhani mmemficha mtu kwa kumwondolea jina. Kwao mtu anajulikana kwa usemi wake, kwa kazi ya mikono yake, kwa njia anayochotea maji. Na ninyi mnaopiga picha za wageni mkazirusha mitandaoni kwa furaha tu, nawaomba msimame kwanza mfikiri.

Na wewe mwingine, ambaye huna katalogi wala ofisi, nina ombi moja tu. Ikiwa kuna mwanamke amehamia jirani kwenu, anaishi peke yake, na usemi wake si wa kwenu, msalimie, muuzie chumvi, mpe nafasi kwenye benchi. Lakini nakuomba, usimuulize ametoka wapi.